Jibu: Kwenda Addis Ababa na Lalibela kwa mara ya kwanza

Ndugu, umeuliza kuhusu saa, hela na afya ukitoka Nairobi kwenda Ethiopia. Kwenye saa una bahati: Waethiopia huhesabu kama sisi, saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza. Tikiti ya ndege, hata hivyo, hufuata saa za kimataifa. 07:00 ni saa moja asubuhi. Ukipatana na dereva, taja "asubuhi" au "usiku" waziwazi. Tarehe ndizo hupoteza wengi: kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma miaka 7 au 8, kwa hiyo kwenye risiti ya basi omba waandike tarehe zote mbili.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari, na kadi ibebe mkononi. Badilisha dola benki, kidogo kidogo, maana birr (hela ya Ethiopia) zikibaki ni shida kuzirudisha.

Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Siku ya kwanza tembea taratibu, unywe maji ya chupa. Lalibela beba soksi nene, kwani makanisa yake yamechongwa kwenye mwamba: viatu huvuliwa mlangoni na mwamba ni baridi. Kabla ya kulipia safari, hakikisha hali ya usalama Amhara, jimbo lilipo Lalibela.