Huzuni haiishi kwa kuperuzi simu

Kuna watu wakiingia tu ndani lazima kitu kiwe kinaongea, TV imewashwa, simu mkononi, hedifoni masikioni mpaka wakati wa kuosha vyombo, yani ukimya hawautaki kabisa. Tunasema ni mazoea. Mara nyingi kuna jambo linauma na tunajua tukitulia tu litakuja.

Mimi hili nimelijua baba alipofariki. Siku zenyewe za msiba unazivuka, nyumba imejaa, kina mama wanapika, wanaume wako kwenye mkeka chini ya turubai, ukilia kuna wa kukushika. Shughuli inaanza hitma ikishasomwa na watu wamerudi makwao. Usiku nikawa naperuzi, klipu za mpira, mapishi, watu wanagombana mitandaoni, mpaka adhana ya alfajiri, na kazini naomba zamu za ziada ili nikirudi nimechoka nilale tu. Watu wakasema mashallah ana subira. Kumbe nilikuwa hata kuhuzunika sijaanza.

Afu kuna hii kauli ya usilie, muumini halii. Nani kasema? Nabii Yaakub a.s. alipoletewa kanzu ya mwanawe Yusuf yenye damu ya uongo alisema fasabrun jamil, yani subira njema, na huyo huyo, sura hiyo hiyo ya Yusuf aya ya 84, macho yake yakawa meupe kwa huzuni, wanawe wakamlaumu kwamba haachi kumkumbuka Yusuf, akawajibu aya ya 86 kuwa yeye anamshitakia Allah sikitiko lake na huzuni yake. Hakukana kwamba ana huzuni. Aliipeleka kunakohusika. Na Mtume wetu s.a.w. mwanawe Ibrahim alipokuwa anakata roho machozi yalimtoka, swahaba wake Abdurrahman bin Auf r.a. akashangaa, hata wewe ewe Mtume wa Allah? Akamwambia hii ni rehema, akasema jicho linatoa machozi na moyo unahuzunika, na hatusemi ila yanayomridhisha Mola wetu. Iko kwenye hadithi za Bukhari. Walichokatazwa watu ni kujipiga mashavu na kuchana nguo, machozi hayajakatazwa.

Sisemi kupumzisha akili ni vibaya. Swahaba Hanzala r.a. alijiona mnafiki kwa sababu akiwa kwa Mtume moyo unalainika, akirudi kwa mke na watoto anasahau, na Mtume akamwambia saa na saa, yani kuna wakati wa hili na wakati wa lile. Kwa hiyo angalia mechi yako, cheka na wenzio. Kipimo changu ni kimoja, ukizima simu unajisikiaje? Kama umepumzika, alhamdulillah. Kama moyo unakwenda mbio na mkono unairudia simu kabla hujakaa sawa, hapo unakimbia kitu.

Na hili watu hawalisemi, hata mawaidha yanaweza kuwa pa kujificha. Unasikiliza mashekhe kutwa nzima, Qur'an inasoma chumbani usiku kucha, na hujamwambia Mola wako hata neno moja la kinachokuuma wewe mwenyewe.

Kilichonisaidia ni kitu kidogo sana. Baada ya isha simu inabaki sebuleni kwenye chaji, nikishatoa salamu nabaki kwenye mswala naongea na Mola wangu kwa Kiswahili changu cha nyumbani. Mwanzo nilikuwa sina la kusema zaidi ya Ya Rabbi namkumbuka baba. Baadae kilichotoka sikukitegemea, ilikuwa hasira, juu ya ndugu waliokuwa hawapokei simu baba akiumwa, na hofu pia maana sasa mkubwa wa nyumba ni mimi, na vyote hivyo siku zote nilikuwa naviita uchovu. Ukijua ni hasira unajua pa kuanzia. Nikampigia ndugu yangu mmoja, hatukumaliza siku hiyo ila tulianza.

Jifunze na ile dua ambayo swahaba Anas r.a. anasema alikuwa akimsikia Mtume s.a.w. akiisoma sana, Allahumma inni a'udhu bika minal hammi wal hazan. Humo anataja wasiwasi, huzuni, kushindwa, uvivu, ubahili, woga, uzito wa deni na kuonewa na watu, kila kimoja kwa jina lake. Hilo la deni naliona sana kwetu, mtu anaogopa kufungua meseji za wanaomdai, anashinda kwenye video. Kaa chini uandike nani anakudai na kiasi gani, afu uombe ukiwa na ile karatasi mbele yako.

Ila kama hulali na chakula hakipiti wiki baada ya wiki nenda hospitali, Mtume ametuamrisha tutafute dawa. Na nyumbani mtafute mtu mmoja, awe shangazi, mama mdogo au yeyote anayejua kutunza siri, umwambie kabisa, leo sitaki ushauri, nataka unisikilize tu.