Kiha cha simu na cha sokoni

Binti yangu alikuwa na miaka tisa alipotumwa kuni na bibi yake, kule Kasulu. Bibi alisema kwa Kiha, lugha yetu sisi Waha. Mtoto akatabasamu, akabaki amesimama. Bibi akarudia, sauti juu kidogo, kisha akainuka akazifuata kuni mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale barazani, na aibu ile ilikuwa yangu, si ya mtoto.

Sisi Waha wa Kigoma mjini tuna kisingizio kizuri. Kiswahili hapa si mgeni. Ujiji kilizungumzwa tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, reli ya mwaka 1914 ikakikuta. Mtaani kwetu Mwanga mtoto anacheza na Mmanyema, Mbembe na Muha mwenzake. Watazungumza nini tena? Shuleni hivyo hivyo. Basi Kiha tunamwachia bibi, tukiamini likizo mbili kwa mwaka zitatosha. Hazitoshi.

Nilianza vibaya. Nilitangaza Jumapili kuwa siku ya Kiha, na Jumapili mbili nyumba ikawa kimya kama kuna mgonjwa ndani. Watoto waliona heri wanyamaze, maana kila walipokosea nilicheka. Usicheke. Hata mjomba akija, mwonye kabla hajavua viatu.

Kilichosaidia ni kuipa lugha kazi. Kwanza simu: siku hizi wao ndio wanaompigia bibi, mimi siigusi. Mama yangu mkali huyo. Ukimwamkia "shikamoo bibi", haitiki marahaba; anasema "mwakeye", salamu ya Kiha, halafu anangoja, na vocha inakatika. Ila usihangaike na Kiha safi. Yeye mwenyewe akifika kwenye hesabu za fedha huhamia Kiswahili bila kujijua. (Na huku bandarini Kibirizi, wakishuka abiria Warundi, watoto wananisimulia walichokuwa wakiteta. Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu, hilo sikulipangia.)

Pili, sokoni. Akina mama wengi wanaoleta mawese na ndizi soko la Mwanga wametoka vijijini, na bei ya mwisho hupangwa kwa Kiha, kwa sauti ya chini, muuzaji na jirani yake. Juzi nilikwenda na binti, sasa ana kumi na mbili, nikamwachia chupa na pesa nikasimama pembeni. Mmoja akamnong'oneza mwenzake asipunguze, huyu mtoto wa mjini. Binti akadakia kwa Kiha, maneno mawili yamepinda. Wakaangua kicheko, mmoja akapiga makofi: "Kumbe wewe wetu!"

Bei haikushuka hata shilingi. Lakini ile chupa ilijazwa mpaka shingoni, ikabidi aibebe kwa mikono miwili hadi nyumbani.