Maswali ya Wasomaji: Rangi, Nta na Gundi Mezani

*Nilichora kwenye hadibodi kwa rangi ya mafuta ya kopo, mtindo wa Tingatinga. Baada ya siku mbili nikaongeza madoa ya akriliki juu yake. Sasa madoa yanabanduka kama ganda la kitunguu. Tatizo ni bodi?*
Msomaji, Bagamoyo

Bodi haina kosa. Rangi ya mafuta ikikauka huacha uso mtelezo usionyonya maji, na akriliki ni rangi ya maji, kwa hiyo hukaa juu juu bila kupata pa kushika. Tena, kwa siku mbili rangi ya kopo imekauka usoni tu. Ndani bado inaendelea kukauka na kujivuta.

Geuza mpangilio: akriliki chini, mafuta juu. Paka akriliki nyembamba, iache siku nzima, ndipo uje na rangi ya kopo. Edward Saidi Tingatinga, mwasisi wa mtindo huo, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za mafuta za kopo juu ya bodi, hivyo mgongano huu haukumkuta.

Kazi yako inaokoleka. Kwangua akriliki yote, hata ile inayoonekana imeshika, maana nayo itafuata. Sugua taratibu kwa msasa namba 240 mpaka mng'ao upotee, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, acha pakauke, kisha rudia madoa yako kwa rangi ya kopo ileile.

*Nataka rangi ipasuke kama ukuta wa nyumba ya kale. Nimesikia gundi nyeupe ya mbao inafaa, lakini kwangu haipasui kitu.*
Msomaji, Tanga

Inafaa sana, na ni mchezo mtamu kuuangalia ukitokea. Kwanza paka bodi rangi ya giza, iache ikauke kabisa. Juu yake paka gundi bila kuichanganya na maji. Kisha subiri, na hapa ndipo wengi wanapokosea: ukiigusa kwa kidole inate, lakini isikifuate kidole. Kwa kawaida ni kati ya dakika 10 na 20. Penye feni au jua ni chini ya hapo. Gundi ikishakauka, nyufa hazitokei tena.

Sasa pitisha rangi nyeupe mara moja tu. Ukirudisha brashi pale pale unaichanganya na gundi na kupata uji. Nyufa huanza kuonekana muda mfupi baadaye, nazo hufuata njia ya brashi. Gundi nene huzaa nyufa pana, nyembamba huzaa nyufa za nywele.

Angalia pia rangi yenyewe. Akriliki nzuri ya tyubu huvutika kama mpira, haipasuki kirahisi. Rangi ya maji ya ukutani, ile ya bei nafuu isiyong'aa, hupasuka vizuri zaidi. Usijaribu hili kwenye turubai: ikikunjwa, vipande vyote vitaanguka.

*Nikichora kwa mshumaa kisha nikapaka rangi, mistari haionekani vizuri. Na nta naitoaje?*
Msomaji, Kisumu

Bila shaka rangi yako ni nzito. Rangi nzito hufunika nta. Wino uliozimuliwa au rangi ya maji nyepesi huikimbia. Tumia karatasi nene, ya gramu 300 kwa mita ya mraba, kandamiza mshumaa kwa nguvu, na uinamishe karatasi kwenye mwanga uone ulikopita.

Kuitoa: ngoja rangi ikauke, funika kwa karatasi nyeupe chini na juu, pitisha pasi ya moto wa wastani bila mvuke, ukibadilisha karatasi kila inapolowa nta. Usitumie gazeti, kwani wino wake huweza kuhamia kwenye kazi yako. Pale palipokuwa na nta patabaki na mafuta ndani ya karatasi, rangi ya maji haitapakubali tena. Kwa hiyo weka rangi zote unazotaka kabla ya pasi.

*Chumvi niliyonyunyiza kwenye rangi ya maji haikuacha alama za nyota.*
Msomaji, Zanzibar

Umenyunyiza mapema au umechelewa. Karatasi ikiwa na dimbwi, chumvi huyeyuka tu; ikiwa imekauka, haina cha kunyonya. Nyunyiza mng'ao wa maji unapoanza kufifia, tumia chumvi ya mawe, usikaushe kwa moto. Ikikauka, ipanguse yote: kwa unyevunyevu wa pwani, punje zilizobaki zitavuta maji na kulowesha karatasi upya.

Kila kipande cha majaribio kiandikie nyuma, kwa penseli, aina ya rangi, mpangilio wa tabaka na dakika ulizosubiri.