Nafaka kumi na mbili ndani ya uji mmoja: jibu kwa mama wa Mbagala

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Tuko sita nyumbani: mimi na baba yao, watoto wa miaka 14, 9 na 4, na wa mwisho wa miezi 10 ambaye bado ananyonya. Pesa ya chakula ni shilingi 10,000 kwa siku, mkaa pembeni. Nanunua unga wa lishe wa nafaka 12 kwa shilingi 5,000 kilo, kilo tatu kwa wiki kwa sababu nyumba nzima tunakunywa uji asubuhi, na mtoto anapewa kikombe mara tatu kwa siku. Lakini kadi ya kliniki inaonyesha hajaongezeka uzito miezi miwili sasa. Jirani ameniambia niongeze soya, mbegu za maboga na dagaa mlemle kwenye unga. Nichanganye nini na nini ili lishe iwe kamili? Na hawa wengine niwalisheje kwa pesa hiyo? (Mama wa wanne, Mbagala)

JIBU: Marahaba, mama. Usiongeze kitu chochote kwenye huo unga. Na kabla hatujauzungumzia, mpeleke mtoto kituo cha afya wiki hii. Miezi miwili bila kuongezeka uzito haisubiri kubadilisha uji. Wampime uzito na urefu, na wamvishe utepe wa mkono: kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, mzunguko wa mkono chini ya sentimita 12.5 ni utapiamlo, na chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali ambao unatibiwa, haumalizwi na chakula cha nyumbani peke yake. Waangalie pia malaria, mkojo, kifua na masikio. Mtoto mwenye maambukizi yaliyojificha hukataa kula, na kile kidogo anachokula hakimjengi.

Sasa unga. Swali la "nichanganye nini na nini" naulizwa mfululizo, na kosa limo ndani ya swali lenyewe: linadhani mlo kamili unaweza kusagwa ukaingia kwenye mfuko mmoja. Hauwezi. Chukua lebo ya huo mfuko uisome. Mahindi, ulezi, mtama, uwele, ngano, mchele, shayiri: hivyo vyote ni kundi moja la chakula. Vyote ni wanga kwa sehemu kubwa, na protini yao imepungukiwa na kitu kilekile, laisini, moja ya viungo vinavyojenga protini. Ukichanganya nafaka saba umepata wanga ule ule mara saba, kwa bei ya mara tatu. Kinachoziba pengo la nafaka ni jamii ya kunde, na inatosha aina moja: sehemu tatu au nne za nafaka kwa sehemu moja ya kunde. Vitamini A, vitamini C na vitamini B12 hazimo kabisa au ni kidogo mno. Madini chuma yapo, lakini nafaka na mbegu zina fitate, inayoyashika madini yasifyonzwe. Kadiri unavyorundika nafaka zisizokobolewa na mbegu kwenye sufuria moja, ndivyo unavyoirundika na hiyo fitate.

Hapo bado hatujafika kwenye hatari, yaani soya na karanga, ambazo mara nyingi husagwa humohumo kwenye unga wa namna hii. Soya mbichi ina vizuizi vya kimeng'enya kinachosaga protini tumboni, na uji wa dakika tano hauviui. Soya ya mtoto inatakiwa itumbukizwe kwenye maji yanayochemka, ichemke dakika 20 hadi 30, imenywe maganda, ikaushwe, ndipo isagwe. Muulize anayekuuzia kama anafanya hivyo. Wengi huimwaga mbichi mashineni pamoja na mahindi, kisha mtoto akijaa gesi na kuharisha, mama anaambiwa tumbo "linazoea lishe".

Karanga ndizo zinanitia hasira zaidi. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta. Zikishasagwa, mafuta hayo yanakutana na hewa na kuanza kuchacha ndani ya wiki chache, na unga wote unachacha nazo. Tena karanga za bei ya chini zinazonunuliwa kwa ajili ya unga ndizo zile zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu, na ukungu huo ndio unaotoa sumukuvu. Sumukuvu haina harufu wala ladha, na haiondoki kwa kuchemsha wala kukaanga. Mwaka 2016 watu 68 waliugua katika mikoa ya Dodoma na Manyara na 20 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya walifariki 125. Kiasi kidogo kinacholiwa kila siku hakiangushi mtu palepale. Kinaharibu ini polepole, na saratani ya ini ni moja ya matokeo yake. Karanga ikiwa nzima mkononi mwako unaweza kuichambua na kutupa iliyobadilika rangi. Ikishakuwa unga, huna cha kuchambua.

Kwa hiyo kila kitu kikae peke yake, kikutane na vingine ndani ya sufuria. Unga wa dona au wa ulezi kwenye kopo lake. Karanga chambua, kaanga kidogo, saga kiasi cha wiki moja. Dagaa osha kwa maji ya moto mpaka mchanga uishe, anika, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike kirahisi, twanga, chekecha, weka kwenye chupa kavu yenye mfuniko. Faida nyingine ya kuvitenga ni kwamba mtoto akitoka vipele au akiharisha, utajua ni kipi. Kwenye nafaka 12 utamjua nani?

Sababu inayoelekea zaidi kumkwamisha mtoto wako, kama si ugonjwa, ni hii. Tumbo la mtoto hubeba takriban gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo saba na nusu anajaa kwa kikombe kisichofika robo lita. Uji mwepesi wa kunywa, wenye gramu 20 za unga kwa kikombe, unampa kalori 70 hivi. Vikombe vitatu ni 210. Mtoto wa miezi 9 hadi 11 anayenyonya vizuri anahitaji kalori kama 300 kutoka kwenye chakula, mbali na maziwa ya mama. Anashiba maji. Unaweza kuongeza nafaka ya kumi na tatu na hesabu isibadilike, kwa sababu tatizo ni wepesi wa uji na kwamba uji umekuwa ndiyo chakula chote.

Upike hivi. Kwa kikombe cha mililita 250 weka vijiko vitatu vya chakula vya unga, vilivyojaa kiasi, ukoroge kwanza kwa maji baridi. Ukishaanza kuchemka acha uchemke dakika 10 hadi 15. Uji mzuri hukaa juu ya kijiko ukikiinamisha, hautiririki. Ukiepua, koroga kijiko kimoja cha chai cha karanga zilizosagwa na kijiko kimoja cha chai cha mafuta ya kula. Hapo umeongeza kalori zipatazo 70, sawa na kikombe kizima cha ule uji wako wa zamani. Siku nyingine acha karanga, pasua yai, lipige, limimine uji ukiwa bado jikoni na ukoroge mpaka lichemke kabisa.

Kama anaukataa uji kwa kuwa ni mzito, usiongeze maji. Tumia kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku mmoja, uchuje, utandaze chini ya kitambaa chenye unyevu siku mbili mpaka uchipue, anika juani, sugua machipukizi yatoke, saga. Uji mzito ukishapoa kiasi cha kuweza kuonja, koroga kijiko kimoja cha chai cha unga huo. Baada ya dakika chache utalainika wenyewe bila kupoteza chakula kilichomo. Urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea hubeba vijidudu. Usitumie mtama kwa kazi hii kama huna uzoefu nao. Machipukizi ya mtama yana sianidi, ambayo ni sumu.

Na uji uwe mara moja kwa siku, basi. Milo mingine mitatu ale kutoka chungu cha nyumbani, nusu ya kikombe cha mililita 250 kila mlo: ugali laini na maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, wali uliopondwa na mchicha uliokatwa mdogo sana na unga wa dagaa, viazi vitamu na karanga. Katikati apate kipande cha papai au ndizi. Maziwa ya mama yaendelee mpaka miaka miwili na zaidi.

Hapo ndipo bajeti inapoingia, kwa sababu chungu cha mtoto na cha wakubwa ni kimoja. Unga wa lishe unakula shilingi 15,000 kati ya 70,000 za wiki, zaidi ya moja ya tano. Pesa hiyohiyo inanunua maharage kilo mbili na nusu kwa 3,000 kilo, dagaa nusu kilo kwa 12,000 kilo, na mayai manne. Angalia protini unayopata kwa kila shilingi 1,000, kwa bei za namna hiyo: maharage yanakupa gramu 70 hivi, dagaa wakavu kama 50, nyama ya 11,000 kilo chini ya 20, yai la 350 kama 17. Nyama haijakatazwa, ila robo kilo ya Jumapili iliyogawanywa kwa sita haiwezi kuwa ndiyo mpango wenu wa lishe.

Wiki yako kwa 70,000 inaweza kukaa hivi: dona kilo 9 (14,400), mchele kilo 3 (7,800), maharage kilo mbili na nusu (7,500), dagaa nusu kilo (6,000), mafuta lita moja (5,500), mihogo au viazi vitamu kilo 5 vya chai ya asubuhi (5,000), mboga za majani mafungu mawili kila siku (7,000), nyanya na vitunguu (4,500), matunda ya msimu (5,000), karanga nusu kilo (2,000), mayai saba (2,450), sukari nusu kilo (1,500), chumvi na ndimu (1,000). Jumla 69,650. Bei za gengeni kwako zikipishana kidogo, punguza mchele, usiguse maharage wala mboga. Dona nunua ya wiki moja au mbili tu, kwa kuwa ina kiini cha mahindi chenye mafuta na huchacha upesi kuliko sembe.

Maharage loweka usiku, mwaga maji, yachemshe kwa nguvu mwanzoni, halafu moto mdogo. Unaokoa mkaa na unapunguza fitate. Magadi acha: yanalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1. Mboga zioshe kabla ya kuzikata, zipike dakika chache na mafuta kidogo, maana vitamini A ya mboga hufyonzwa pamoja na mafuta. Kamulia ndimu kwenye maharage na mchicha ukishaepua. Vitamini C inavuta madini chuma. Chai iwe saa moja kabla au baada ya mlo, maana majani ya chai yanayazuia. Ndimu ya shilingi 100 inafanya kazi ambayo kopo la "kuongeza damu" linadai kufanya.

Na hapa sizungumzi na mama wa Mbagala peke yake. Wekundu wa rozela na bitiruti hauongezi damu. Rangi hiyo haihusiani na madini chuma, na mjamzito anayeacha vidonge vya kliniki kwa kunywa juisi hizo anajiweka hatarini. Supu ya mifupa bila nyama ni maji yenye ladha na mafuta kidogo. Mpe mtoto nyama yenyewe ikiwa imesagwa. Dawa ya "hamu ya kula" inayouzwa bila cheti mara nyingi ni saiproheptadini, dawa ya mzio inayoleta usingizi, na haipewi mtoto chini ya miaka miwili. Mtoto asiye na hamu ya kula anaumwa, au amejazwa chai na juisi, au anapewa chakula kilekile kila siku, na dawa hiyo haiponyi hata kimoja kati ya hivyo. Wakati huohuo matone ya vitamini A, yanayotolewa bure mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka mitano, wapo watu wasioenda kuyachukua.

Unga huohuo wa nafaka 12 sasa unauzwa kwa wajawazito, kwa wazee na kwa wagonjwa wa kisukari, mfuko ule ule, maelezo tofauti. Usinunue unga usio na alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), tarehe ya kusagwa na orodha ya vilivyomo pamoja na kiasi chake. Na kwa mwenye kisukari niseme wazi: uji wa nafaka zilizosagwa laini hupandisha sukari ya damu haraka, hata ukiwa na mbegu za maboga ndani. Asubuhi ale maharage na kipande cha muhogo au kiazi, kwa kipimo alichopewa kliniki, na unga huo amwachie muuzaji.