Karatasi za magazeti Kenya na Tanzania: hiyo grafu ya dola itakudanganya

Swali: Habari mtaalamu, niko kwenye utafiti wa masters, nimepakua FAOSTAT (hifadhi ya takwimu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la UN) data za karatasi za magazeti zinazoagizwa na Kenya na Tanzania tangu 1961, nikachora grafu kwa dola. Kenya iko juu yetu Watanzania karibu miaka yote. Je, naweza kuandika kwamba Wakenya wanasoma magazeti kuliko sisi?

Jibu: Salama ndugu yangu. Usiandike hivyo, supavaiza atakurudisha.

Anza na tani, achana na dola kwanza, maana bei ya karatasi inapanda na kushuka dunia nzima na grafu yako sehemu kubwa inachora bei tu. Ila dola usizitupe, gawanya kwa tani kila mwaka uone tani moja imetoka bei gani (thamani za FAOSTAT ziko kwa maelfu ya dola, wengi wanasahau zile sifuri tatu), ukikuta mwaka huu dola 60 mwaka unaofuata dola 4,000 basi kuna mtu kakosea kuingiza namba. Halafu cheki ile safu ya alama pembeni ya namba, inakuambia ipi ni takwimu rasmi na ipi ni makadirio. Namba ileile ikijirudia miaka minne mitano mfululizo hiyo ni ya kukadiria, usije ukaandika aya nzima eti soko lilitulia.

Idadi ya watu nayo muhimu. Sensa ya 1967 Tanzania tulikuwa milioni 12.3, Kenya 1969 milioni 10.9, sensa za karibuni sisi milioni 61.7 (2022) na wao 47.6 (2019), kwa hiyo gawa kwa kichwa.

Sasa hapa ndo penye kazi. Karatasi iliyoagizwa sio karatasi iliyotumika. Kenya ilikuwa na kiwanda cha karatasi cha Webuye, Pan African Paper Mills, kikafungwa 2009, kwa hiyo chukua uzalishaji jumlisha uagizaji toa mauzo ya nje, vinginevyo kiwanda kikifa grafu inapanda na wewe unasema wasomaji wameongezeka kumbe wapi. Upande wetu miaka ya 80 fedha za kigeni zilikuwa za kugombania, tani chache za kipindi kile hazimaanishi watu hawakutaka kusoma. Baada ya vyama vingi 1992 magazeti binafsi yakamwagika, hapo uagizaji ukipanda una sababu ya kueleweka. Na kuna gazeti kama The EastAfrican, linachapwa Nairobi linauzwa mpaka huku, karatasi inahesabiwa Kenya, msomaji yuko Dar! Gazeti likishachapwa linavuka mpaka kwa namba nyingine kabisa ya bidhaa ya forodha (HS), 4902.

Meli moja ikichelewa kutoka Desemba hadi Januari mzigo wake unahesabiwa mwaka unaofuata, kwa hiyo tumia wastani wa miaka mitatu mitatu.

Ukimaliza linganisha na UN Comtrade, hifadhi ya takwimu za biashara ya UN, namba ya HS ya karatasi za magazeti ni 4801, kwa miaka ya kabla ya 1988 tafuta 641.1 ya SITC, mpangilio mwingine wa namba za bidhaa. Vuta pia namba za upande wa nchi zilizouza, zisipokaribiana na zako tuma hizo safu mbili nizione.