Jibu: Kukwea ufa mpana, urefu mita 10, kwenye jabali juu ya bahari

Yaya, umeuliza kukwea ufa wa jabali wenye urefu wa mita 10 tu, mpana kuliko ngumi lakini mwili haupiti, unatisha nini? Ufupi usikudanganye. Mle hamna pa kushika.

Kwanza amua ni ubavu gani utaingia, maana kugeuka katikati ni mateso, na vyuma vyote vya kukwea vining'inie upande wa nje. Mkono wa ndani unyooshe: kiganja kisukume ukuta mmoja, bega lisukume wa pili. Goti la ndani libane. Mguu wa nje uukaze kwa kisigino upande huu, vidole upande ule. Jisukume sentimita chache, bana, pumua. Kazi ni ya miguu. Mikono inakuzuia usiteleze tu.

Kamu, vile vyuma vinavyotanuka ndani ya ufa na kushika kamba yako, ziwe kubwa kabisa, na moja uwe unaisogeza juu kadiri unavyopanda. Suruali ndefu, tafadhali! Sisi wa Goma tunajua mawe ya volkano ya Nyiragongo yanavyokula ngozi.

Halafu maji. Ziwa letu la Kivu halijai maji na kutufungia njia, lakini bahari hupanda na kushuka kila baada ya saa 6 hivi. Soma jedwali la kupwa na kujaa kabla hujateremka chini ya jabali.