Mtawa, mmonaki na Ndugu Mdogo

Swali: Shikamoo Mwalimu. Niko Masasi. Mdogo wangu anaweka nadhiri za kwanza kwa Wakapuchini, nami nimepewa kazi ya kuandika kadi za mwaliko. Niliandika "mmonaki", mjomba akakataa, akasema niandike "mtawa". Kwani si kitu kimoja? Na masista wa Mtakatifu Klara wasiotoka nje tuwaite nani?

Jibu: Marahaba. Mjomba wako yuko sahihi. Kwenu Masasi naelewa mkanganyiko unatoka wapi: Wabenediktini wako Ndanda tangu 1906, na wale ni wamonaki hasa. Wana abasia, yaani monasteri kubwa inayojitegemea, wana abate ambaye ni mkuu wake, na huahidi kudumu katika monasteri yao. Aliyekulia karibu nao huona kila mwanamume mwenye vazi la kitawa ni mmonaki.

Wakapuchini ni tawi la Wafransisko, na Fransisko wa Assisi aliwatuma ndugu zake barabarani. Hilo liliingia hata katika sala. Kanuni iliyothibitishwa 1223 iliwataka makleri, yaani ndugu wenye daraja za Kanisa, wasali kwa utaratibu wa Kanisa la Roma, na ikawaruhusu kuwa na brevieri, yaani kitabu cha sala hizo. Ndugu wasio makleri walipangiwa Baba Yetu: 24 kwa sala ya usiku, 5 kwa masifu ya asubuhi, 12 kwa masifu ya jioni. Sala ya namna hiyo mtu anaisali hata akiwa njiani. Jina lao ni Ndugu Wadogo, na nyumba yao huitwa konventi. Kuiita monasteri ni kosa.

Masista wa Klara ni habari nyingine. Ni Wafransisko, lakini huishi ndani ya ugo, kwa hiyo kuwaita wamonaki ni sawa kabisa, na makao yao ni monasteri. Kanuni ya Klara, iliyothibitishwa tarehe 9 Agosti 1253, siku mbili kabla hajafariki, iliwaagiza wasali masifu kama Ndugu Wadogo, kwa kusoma bila kuimba. Kwa hiyo ukieleza maisha yao ya mwanzo, usiandike "waliimba masifu". Andika "walisali masifu".

"Mtawa" ndilo jina linalowafunika wote. Limetokana na kutawa, yaani kukaa ndani bila kutoka. Pwani, mwanamke aliyetawa ni yule asiyeonekana nje ovyo, na mume aliweza kumtawisha mkewe. Kanisa lililichukua neno hilo likalipanua, hata leo sista anayepanda basi kwenda kufundisha Lindi ni mtawa kamili. Mimi napenda sana upanuzi huu. Sioni sababu ya kuwanyima jina hilo wanaotembea. Lakini ukitaka kuwataja Waklara bila utata, sema "watawa wa ndani".

Kwenye kadi andika: "nadhiri za kwanza za Ndugu" (kisha jina lake) "katika Shirika la Ndugu Wadogo Wakapuchini". Neno "Padre" lisubiri mpaka apewe daraja.